Sio Chumvi, Ni Jiwe

Fundi aliing'oa hita ya shawa ukutani, akaifungulia kibarazani, akaigonga koili yake kwa mpini wa bisibisi. Likadondoka gamba jeupe, kubwa kama ukucha wa dole gumba, likapasuka sakafuni kama ganda la yai. "Bosi, maji yenu haya yana chumvi sana," akasema. "Wiki hii peke yake hii ni ya tatu nafungua mtaa huu." Akataja bei ya koili mpya, nikalipa. Alipoondoka nikaokota kipande cha lile gamba, nikakiweka ulimini. Chumvi hamna. Kilikuwa na ladha ya ukuta.

Nakaa Boko, barabara ya Bagamoyo, ukishapita Tegeta na Wazo. Nyumba ni ya kupanga, na tangazo lake lilisema "maji masaa 24". Kwa hilo mwenye nyumba hakudanganya: kisima kirefu kipo uani, pampu ipo, simtanki la lita 5,000 limekaa juu ya mnara wake. Ambacho tangazo halikusema, na sijaona tangazo la nyumba Dar es Salaam linalosema, ni kilichomo ndani ya maji yenyewe. Mtaani kwetu maji yoyote ya kisima yasiyotoa povu ni "maji ya chumvi", basi. Sekondari tulifundishwa jina jingine, maji magumu, tukalijibia mtihani, tukaliacha hukohuko. Na jina hili la mtaani linatutoa hela. Mtu akikosea jina la ugonjwa hununua dawa isiyo yake, na mitaa ya visima imejaa watu waliokwisha kununua.

Ugumu wa maji ni madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyoyeyuka ndani yake. Mvua ikianguka haina madini hayo. Ila ikipita hewani, halafu kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza, inabeba hewa ya ukaa na kupata uchachu kidogo sana, usiofikia hata robo ya ndimu. Uchachu huo ukipewa muda juu ya mwamba wa chokaa, unautafuna. Amboni, karibu na Tanga, unaweza kuingia na kutembea ndani ya kazi hiyo: yale mapango yamechimbwa na maji yaliyobeba chokaa punje kwa punje, na zile nguzo zinazoning'inia juu ni chokaa ileile mahali maji yalipoitua.

Nina kipimo changu cha kihuni cha kujua wapi maji ya chini ni magumu: uliza kiwanda cha saruji kiko wapi. Saruji inataka mwamba wa chokaa, tele na wa karibu. Waliojenga viwanda Wazo, Pongwe kule Tanga, na Bamburi kaskazini ya Mombasa waliufuata mwamba huo, na sisi tunaochimba visima jirani nao tunanywa supu yake. Mashariki ya Unguja, ambako jembe linagonga jiwe la matumbawe kabla halijazama, hakuna haja hata ya kuuliza kiwanda. Bara mambo huja kwa njia nyingine. Katika nchi kavu kama Dodoma na Singida jua linayanyonya maji na kuyaacha madini nyuma, mwaka baada ya mwaka, hadi kisima kinakuwa kigumu bila tumbawe hata moja kuwapo. Na palepale Dar, mwenye bomba la maji ya mto Ruvu anaoga maji mengine kabisa na jirani yake mwenye kisima, ingawa wanachangia ukuta.

Watu wa pwani tunaijua kemia hii kuliko tunavyojidhania. Kwa karne nyingi matumbawe yamechomwa kwenye tanuri la kuni yakatoa chokaa. Chokaa ikamwagiwa maji ikafoka, ikapakwa kwenye kuta za misikiti na majumba, kisha ikakauka polepole huku ikinyonya hewa ya ukaa, mpaka ikarudi kuwa jiwe. Moto unaifukuza hewa ile, ukuta unairudisha. Ndani ya maji ya kisima nako, hewa hiyohiyo ndiyo inayoishikilia chokaa isionekane. Ukiyachemsha, hewa inatoka, chokaa inakosa wa kuishika, inatua kwenye kitako cha birika na kwenye koili ya hita. Gamba nililolionja lilikuwa na ladha ya ukuta kwa sababu ni kitu kimoja na ukuta. Nilipolikamulia ndimu lilichemka vipovu vidogo: hewa ileile ilikuwa inaondoka kwa mara nyingine.

Kiasi chake si kidogo. Chukua kisima chenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita, ambacho kwa mgawanyo unaotumika sana ni "kigumu sana", kwa kuwa daraja hilo linaanzia 180. Familia inayochemsha lita 10 za kunywa kila siku inapitisha jikoni gramu 3 za madini hayo kwa siku, zaidi ya kilo moja kwa mwaka. Hata kama ni nusu tu itakayoganda, hiyo ni nusu kilo ya jiwe ndani ya sufuria moja. Jiwe halipitishi joto vizuri. Kwenye jiko la gesi unangoja zaidi. Kwenye hita ni balaa, maana koili inajipika yenyewe ndani ya gamba hadi inakatika.

Chumvi haina tabia hizo. Chemsha maji ya chumvi upendavyo, chumvi inabaki ndani ya maji. Ikiua hita, itaiua kwa kutu. Lakini sitaki kumcheka fundi wangu, kwa sababu pwani mambo haya mawili hutembea pamoja. Maji ya bahari yenyewe ni magumu kupita kiasi, zaidi ya miligramu 6,000 kwa lita, sehemu kubwa ikiwa magnesiamu. Kisima cha karibu na ufukwe kikivutwa kuliko mvua inavyokijaza, bahari inajipenyeza. Inatosha lita moja ya bahari kuingia katika kila lita 20, na tayari umeongezewa ugumu wa miligramu 300 na ushee, pamoja na chumvi ya kuitambua kwa ulimi. Na ugumu unaotoka baharini una ukaidi wake: hauondoki kwa kuchemsha. Ule wa mwamba wa chokaa huitwa wa muda, huu ni wa kudumu.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, fanya hivi, kama nilivyofanya mimi Jumapili moja mke wangu akinitazama kama niliyepagawa. Chukua chupa tatu za maji za nusu lita. Ya kwanza tia maji ya mvua, ya pili ya kisima, ya tatu ya kisima yaliyochemshwa dakika kumi, yakapoa, yakatuama, ukamimina ya juu tu. Kwanguria kila chupa sabuni ya mche kiasi kilekile. Iwe ya mche, kwa kuwa ya unga itakudanganya. Tikisa. Chupa yangu ya mvua ilisimamisha povu la vidole vitatu, likakaa. Ya kisima iligeuka maziwa yenye vipande vipande, povu hakuna. Ya tatu ilitoa povu la kidole kimoja, likafa polepole. Maana yake kisima chetu kina vyote viwili: ugumu wa kuchemshika na mwingine usioondoka. Nimeonja pia, na chumvi ya kuitwa chumvi siipati.

Yale mazagazaga ya chupa ya pili ndiyo habari yenyewe. Sabuni ikikutana na kalsiamu haianzi kusafisha. Inashikana nayo na kuwa utando wa kijivu unaonata, ule unaoelea kwenye beseni kama mafuta ya supu iliyolala. Mpaka kalsiamu yote ipate mgao wake ndipo sabuni inayobaki inaanza kazi uliyoinunulia. Nimepiga hesabu ya shule: ndoo moja ya lita 20 yenye ugumu wa 300 inameza karibu gramu 37 za sabuni safi kabla ya povu la kwanza. Ndoo tano, gramu 185. Hicho ni karibu kipande kizima cha sabuni cha gramu 200, kimekwenda na hakijagusa shuka. Na sabuni ya dukani si safi kiasi hicho, ina maji na vijazio, kwa hiyo jumla halisi ni mbaya zaidi.

Mama anayetufulia hakuhitaji hesabu. Alisema tangu wiki ya kwanza, "Baba, maji haya yanakula sabuni." Nikadhani anatia mkono mwingi. Nakiri hapa, maana yeye sidhani kama atasoma: kwa miezi miwili nilikuwa nampimia sabuni. Naye alikuwa anajaza upungufu kwa misuli. Mashati meupe ya shule yakawa na rangi ya jivu, kola zikakakamaa, mikono yake ikachubuka, na lawama zote zikamwendea yeye. Ule utando haupotei kwa suuza, unakaa ndani ya nyuzi. Ukisuuza kwa maji magumu ndiyo unauongeza. Nywele za watoto nazo zilikuwa ngumu kuchana baada ya kuoga, na ngozi ya mdogo ikaanza kuwasha. Sikupeleka suala hilo mbali, nilianza tu kumsuuza mtoto kwa maji ya mvua.

Dawa ya sabuni inayoliwa ipo sokoni na ni rahisi kuliko sabuni: magadi. Magadi soda yanatoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, Magadi upande wa Kenya na Natron upande wetu, na yanashika kalsiamu kabla sabuni haijafika. Kwa ndoo ileile iliyomeza gramu 37 za sabuni, gramu 6 au 7 za magadi soda safi zinatosha, kijiko cha chai kimoja na kidogo. Ya mawe yana uchafu na nguvu pungufu, weka viwili, yaache yatue, uchuje. Lakini magadi yatangulie. Ukitia sabuni kwanza, kalsiamu imeshakula. Sabuni za unga zimewekewa kazi hiyo tayari ndani ya pakiti, ndiyo sababu hazisumbuki sana, na ndiyo sababu zilinidanganya kwenye chupa.

Wapishi wamelijua hilo zamani, wakiwa upande wa maharage. Kalsiamu inakaza ganda na nyama ya punje, ndipo unakuta maharage ya gunia moja yanaiva kwa maji ya mvua na kukataa kuiva kwa kisima cha Boko. Magadi kidogo yanalegeza. Hapa lakini ningekuwa mwangalifu: magadi ya maziwa yale yana floraidi, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa, na pia yanaua vitamini B1 kwenye maharage. Kuyafulia ni sawa kabisa. Kwa chungu, bora maji ya mvua.

Chai nayo usiisahau. Ule utando unaong'aa juu ya kikombe cha chai ya rangi, unaovunjika kama barafu ukipitisha kijiko, watu wengi wanadhani ni kikombe kilioshwa vibaya. Ni kalsiamu imeshikana na chai. Kamulia ndimu, utando unatoweka na rangi inafunguka. Sijui nani pwani alianza kutia ndimu kwenye chai ya rangi, ila kisima chake nakihisi.

Sasa wauza mashine. Alikuja kijana nadhifu, kamwaga glasi mbili mezani, moja ya maji yetu na moja ya maji ya chupa aliyokuja nayo, akatumbukiza kifaa chenye vyuma viwili na kukichomeka kwenye umeme. Dakika moja, maji yetu yamekuwa ya kahawia, yana makapi, yanatisha, yake meupe. "Mzee, hiki ndicho watoto wanakunywa." Nikamwomba atie chumvi ya jikoni, kijiko kimoja, kwenye glasi yake safi, arudie. Hakutaka. Nikatia mwenyewe. Ikawa ya kahawia kuliko yetu. Ile rangi ni kutu ya vyuma vyake vya kifaa, inatoka pale maji yanapopitisha umeme, na maji yasiyo na madini hayapitishi vizuri. Kipimo cha mkononi anachotembea nacho, chenye namba, nacho kinapima jumla ya vilivyoyeyuka vyote bila kubagua. Hakijui chumvi ni ipi na chokaa ni ipi. Alichokuwa anauza kilikuwa chujio la mkaa, ambalo linaondoa harufu na ladha ya klorini vizuri tu, na kalsiamu inapita ndani yake kama msafiri mwenye tiketi. Mashine ya kulainisha ya kweli inabadilisha kalsiamu kwa sodiamu, na chakula chake ni chumvi, unamwagia magunia. Mtu aliyeambiwa tatizo lake ni chumvi ukimwambia dawa ni kununua chumvi, atakufukuza.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la mawe kwenye figo. Inaonekana dhahiri: jiwe kwenye birika, jiwe kwenye figo. Mwili hauchemshi maji, na tafiti za miaka mingi hazijaonyesha uhusiano unaosimama kati ya maji magumu na mawe hayo. Kunywa maji kidogo kwenye joto la Dar ni hatari inayojulikana vizuri zaidi. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu, na kalsiamu na magnesiamu ni vitu tunavyovihitaji. Anayetaka kuona maji laini yanavyoweza kudhuru aende miteremko ya Meru. Arusha sabuni inatoa povu bila shida katika chemchemi nyingi, na meno ya watu ni ya kahawia. Kalsiamu ikiwapo kwa wingi huishika floraidi na kuitua chini. Katika maji ya volkano yenye kalsiamu haba, floraidi inaogelea huru hadi kwenye meno na mifupa ya mtoto. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hukohuko Arusha, kimehangaika na mkaa wa mifupa kuichuja floraidi hiyo. Yale povu zuri, yetu jiwe kwenye hita. Ningeambiwa nichague ya kumnywesha mwanangu, nisingefikiria mara mbili.

Kwa hiyo sina ugomvi na kunywa. Ugomvi wangu ni wa nani analipa. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa, EAS 12, kinaruhusu ugumu hadi miligramu 600 kwa lita kwa maji ya asili yasiyosafishwa kiwandani, na 300 kwa yaliyosafishwa. Kwa koo ni sawa. Kwa mfuko, kisima cha 590 kinafaulu mtihani na kitakula sabuni maradufu ya mfano wangu wa juu, hita zikifa kimyakimya. Mwaka 2022, maji ya Ruvu yalipopungua na mgao ukatangazwa, kila mwenye uwezo alitafuta wa kumchimbia kisima. Sawa kabisa, ningefanya hivyo hivyo. Lakini maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji zipo, ugumu ni kipimo cha kawaida, na gharama yake mbele ya bei ya kuchimba na pampu ni ya soda. Karatasi hiyo ingebandikwa kwenye mkataba wa pango, mpangaji ajue kabla ya kulipa kodi ya miezi sita kwamba ananunua na koili mbili kwa mwaka. Kwa sasa aliyechimba anauza "masaa 24", na anayelipa ugumu ni mpangaji, na baada ya mpangaji ni mama mwenye beseni.

Zaidi ya hapo nina paa. Kila mita 100 za mraba za bati, Dar inapopata mvua zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, zinaweza kutoa lita 80,000 hata ukipoteza moja ya tano kwa kumwagika na kuosha vumbi. Nimefunga gata upande mmoja tu, kwenye pipa la lita 1,000, na maji hayo hayagusi choo wala bustani: ni ya kusuuza, nywele, maharage na birika. Pipa likikauka Agosti tunarudi kwa magadi. Hita naitia siki kila mwezi wa pili, umeme ukiwa umezimwa, hadi vipovu viishe, na dawa ya klorini inakaa mbali na siki, kwa sababu zikikutana zinatoa hewa ya sumu.

Mwenye nyumba nilimpelekea chupa zangu tatu. Akazitikisa, akazitazama juani, akasema kumbe chumvi ni nyingi kiasi hiki, atachimba kingine upande wa pili wa ua, kirefu zaidi. Ni hatua ishirini kutoka cha kwanza. Wakati tunaongea, mwanangu wa darasa la pili alikuwa ameokota lile gamba la hita dirishani nilikoliweka, amechuchumaa kibarazani anaandika jina lake sakafuni. Linaandika vizuri kuliko chaki ya shuleni kwao.